Bibi Lubana na Mifarishi Thelathini

Wamesimulia wapokezi wa habari za wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika nchi ya Khurasani, chini ya milima ambayo theluji yake haiishi hata wakati wa joto, palikuwa na mji mdogo ulioitwa Nawbandi. Katika mji huo alikaa mjane mmoja, Bibi Lubana binti Yasari. Mumewe alikuwa mfumaji, akafa angali kijana wala hakumwachia mtoto. Alimwachia nyumba ya vyumba viwili, na dada yake, Safana, ambaye naye hakuwa na mtu duniani. Basi mawifi hao wawili wakaishi pamoja miaka kumi na saba bila ya kugombana, na wenye mawifi majumbani mwao wanajua uzito wa jambo hilo.

Uso wa Bibi Lubana ulikuwa na makovu ya ndui. Ilimpata akiwa na umri wa miaka sita, ikamwacha hai na alama zake. Watu wa zama zile walikwisha kujua kwamba aliyeugua ndui mara moja haimrudii tena, kwa hiyo kila ilipozuka, yeye ndiye aliyeitwa kuuguza. Kwa uuguzaji huo akajulikana. Lakini lililomfanya apendwe ni mifarishi.

Mfarishi, ndugu zangu, ni ile nguo nzito ya kujifunika katika nchi za baridi. Hutandazwa kitambaa chini, juu yake sufi au pamba, kisha kitambaa kingine, na vyote vitatu hupigwa sindano kutoka ukingo hadi ukingo ili visihame. Matajiri hutumia hariri. Bibi Lubana alitumia matambara. Alikata kanzu zilizochakaa, mashuka yaliyotoboka na vilemba vya marehemu, akaunga kipande na kipande, chekundu kwa cha samawati, cha mistari kwa cheupe, mpaka ukiutazama mfarishi wake hukumbuki tena kwamba ulikuwa matambara. Kila mwaka kabla theluji haijafunga njia, aliigawa kwa maskini. Hakuuza hata mmoja.

Nia yake ilikuwa njema, tusimdhulumu. Lakini Ibilisi humjia mwovu kwa mlango wa uovu wake, na mja mwema humjia kwa mlango wa wema wake. Mwaka ule, siku ya Ijumaa, wanawake walimzunguka uani mwa msikiti, mmoja wao akamuuliza:

"Mwaka jana ulitoa kumi na minane, Bibi. Mwaka huu mingapi?"

Bibi Lubana hakuwa amefikiri. Akajisikia anasema, "Thelathini, inshallah."

"Mashallah! Thelathini!"

Neno likaenea mji mzima. Watu wakawa wanamwombea dua njiani kwa mifarishi ambayo haijakatwa hata kipande. Naye, kwa kusema iliyo kweli, alizisikia dua zile na moyo wake ukafurahi kwa furaha ambayo hakuichunguza.

Mwaka huo mvua za mwisho zilikuja mapema, watu wakazishikilia nguo zao kuukuu, na matambara yakawa adimu. Alizunguka nyumba kwa nyumba akapata ya kutosha mifarishi tisa. Zilibaki wiki tatu kabla ya theluji. Ndipo akaja Hasnuni.

Hasnuni alikuwa mchuuzi wa mitumba, mtu wa kutembea vijijini na punda wawili. Alifika mlangoni asubuhi ya mvua, akashusha mizigo miwili mikubwa, akasema, "Chukua, Bibi. Ni sadaka yangu."

Bibi Lubana akafungua mzigo. Hayakuwa matambara. Zilikuwa nguo nzima: mashuka ya kitani, kanzu za wanaume, shela za wanawake zenye tarizi shingoni. Zilinuka siki, ile inayonyunyizwa kuondoa harufu.

"Zimetoka wapi?" akauliza.

"Kwa watu waliohama. Hawakuweza kuzibeba."

Alisema hivyo macho yake yakiwa kwenye masikio ya punda. Kisha akaongeza, "Sadaka haiulizwi ukoo, Bibi," akaondoka upesi, hata maji aliyopewa hakuyanywa.

Safana alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye vidole vyembamba vilivyozoea kusokota uzi. Akaigeuzageuza shela moja mkononi.

"Wifi," akasema, "mtu anayehama huacha chungu, huacha kinu, huacha hata mlango. Haachi nguo kama hizi. Tumwite tumuulize tena."

"Na tukimuuliza tena akazichukua?"

"Basi tuzichemshe kwa maji ya majivu kwanza."

"Mvua hii tutazianika wapi? Tukizichemsha leo zitakauka lini? Watu wamekwisha kuahidiwa, Safana. Sema bismillahi, ushike mkasi."

Safana akamtazama wifi yake kidogo. Kisha akasema bismillahi, akashika mkasi.

Walishona mchana kutwa, siku baada ya siku. Bibi Lubana alikata na kuunga, akichanganya nguo za Hasnuni na matambara yake, Safana alitandaza sufi na kupiga sindano, mara kwa mara akikata uzi kwa meno. Siku ya kumi na moja mifarishi thelathini ilikuwa imekunjwa na kupangwa ukutani, mizuri kuliko yote aliyopata kushona. Siku iliyofuata wakaanza kuigawa. Walipewa wajane wa mtaa wa watengeneza ngozi, wakapewa wazee wa ribati, ile nyumba ya wasafiri na wasio na makao, na mmoja akapewa Hamdani.

Hamdani alikuwa mchukuzi wa maji, mtu mkubwa wa mwili mwenye sauti ya upole, na alikuwa na mabinti wawili, Zumurudi wa miaka saba na Narjisi wa minne. Walikaa chumba kimoja na mama yao, Atika, ambaye kifua chake kilikuwa kibovu. Narjisi aliukumbatia mfarishi hata kabla haujawekwa chini, akaweka shavu lake juu ya kipande chenye tarizi.

"Hili ua langu," akasema.

"Na mimi langu hili," akasema dada yake.

Hamdani akaushika ukingo wa mkono wa nguo ya Bibi Lubana akaubusu, na machozi yakamtoka. "Mungu akufunike siku ambayo hapana cha kujifunika, Mama."

"Amina," akasema Bibi Lubana.

Theluji ilianguka siku ambayo mfarishi wa mwisho ulitoka. Jioni ya siku hiyo Safana alilalamika mgongo. Kesho yake akashikwa na homa, na siku ya tatu vipele vikamtoka kwenye paji la uso, kisha mikononi. Bibi Lubana hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameiuguza ndui ile katika nyumba nyingi. Alimpa uji, akamwosha, akamfunga mikono kwa kitambaa laini asijikune. Homa ilipompanda Safana aliweweseka, na kila alipoweweseka alisema neno moja: "Mwite. Tumuulize tena, wifi. Mwite."

"Nyamaza, mpenzi wangu. Pumzika," akasema Bibi Lubana. Alimpangusa uso, na hakutaka kuelewa.

Siku ya kumi na moja Safana akafa. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Bibi Lubana akamwosha kwa mikono yake mwenyewe, akamkafini, na watu wakaja wengi kumzika, kwa heshima ya ile mifarishi.

Kabla matanga hayajaisha akaitwa mtaa wa watengeneza ngozi. Mtoto wa mjane mmoja alikuwa na homa na maumivu ya mgongo. Akaenda. Alipomfunua mtoto ili amtazame, aliinua mfarishi wake mwenyewe. Akaitwa nyumba ya pili, akainua mfarishi wake. Ya tatu vivyo hivyo. Katika nyumba ya nne mkono wake ulisimama hewani, ukingo wa mfarishi ukiwa vidoleni, na mwenye nyumba akamuuliza, "Kuna nini, Bibi?"

"Hakuna kitu," akajibu.

Moyo wa binadamu ni fundi wa udhuru. Wake ulimwambia: maradhi huanzia kwa maskini, na mifarishi umewapa maskini, basi ni ajabu gani vikikutana? Naye akaukubali udhuru ule, kwa sababu ulikuwa na sura ya kweli. Aliuguza siku nane bila ya kupumzika. Watu wakasema, "Tazameni mwanamke huyu. Ametufunika, na sasa anatuuguza." Ribatini walikufa wazee watano. Mtaa wa watengeneza ngozi walikufa tisa, wengi wao watoto.

Kwa Hamdani, Narjisi alikufa Jumatatu. Zumurudi akafa Jumatano. Ardhi ilikuwa imeganda, na kaburi la yule mkubwa lilichimbwa kwa nyundo na patasi. Hamdani alimbeba yeye mwenyewe mpaka makaburini, na kwa kuwa upepo ulikuwa mkali, juu ya sanda alikuwa amemzungushia mfarishi, kana kwamba bado ana baridi. Alipomaliza kumzika aliukung'uta theluji, akaukunja vizuri, akamwendea Bibi Lubana aliyekuwa amesimama mbali na wanaume.

"Angalau hawakuona baridi, Mama," akasema. "Siku zao zilikuwa ndizo hizo, lakini baridi hawakuiona. Mungu akulipe."

Bibi Lubana akageuka, akaondoka.

Alirudi nyumbani. Mkononi hakuwa na kazi, na mtu aliyezoea kazi akipata msiba huishika kazi kama kipofu anavyoshika kuta za nyumba. Akautoa mzigo wa Hasnuni uliobakiwa na nguo chache chini kabisa, ili aanze mfarishi mwingine. Akatoa kilemba. Akatoa shuka. Kisha akatoa kanzu ndogo ya mtoto asiyezidi miaka mitatu. Ilikuwa imekakamaa. Akaigeuza ndani nje, akaona kitambaa kimejaa vigaga vilivyokauka, vimeshikamana na nyuzi. Na kifuani, kwa ndani, palikuwa pameshonwa hirizi ya ngozi. Akaifumua. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, na maandishi ya mwalimu wa kijijini: Ewe Mponyaji, mponye ndui hii mtoto wa Bahrami wa Kuhsanga, maana hakubaki mwingine.

Kuhsanga kilikuwa kijiji cha nyuma ya milima, mwendo wa siku tatu. Wachungaji waliopita mjini wakati wa mavuno walikuwa wamesema kwamba hawakuona moshi kule, na hapana aliyejali.

Bibi Lubana aliketi na ile kanzu mapajani. Hakulia. Alikuwa akihesabu majina, kuanzia la Safana. Alipofika kwa Narjisi akaanza tena upya, kama mtu anayetarajia kwamba safari hii hesabu itakuja pungufu. Kisha akainuka, akajifunika shela, akaenda kwa Sheikh Nuumani, imamu wa msikiti wao, akamwekea kanzu ile mbele yake na kumweleza kila kitu.

Sheikh Nuumani alikuwa mtu mcha Mungu, mzee wa miaka sabini, mwenye huruma. Akaitazama kanzu ile, nje na ndani.

"Kifo ni kwa ajali, ile siku iliyoandikwa, ewe binti Yasari," akasema. "Kanzu haiui."

"Kweli, Sheikh. Na moto hauunguzi ila kwa idhini ya Mola. Lakini mwenye kuuona moto nyumbani kwa jirani akanyamaza, ataulizwa."

"Una hakika?"

"Nimeuguza nyumba kumi na saba. Kumi na sita niliinua mfarishi wangu. Nyumba ya kumi na saba ilikuwa ya jirani aliyekwenda kulala katika mojawapo ya hizo."

Sheikh akashika ndevu zake. "Nisikilize. Hukukusudia. Mwenyezi Mungu ni Mwenye kusitiri, na amependa waja wake wajisitiri. Ukisimama ukayasema haya, watu hawatapokea tena sadaka ya mtu yeyote. Na mifarishi ile ukiwanyang'anya katika theluji hii, watakufa kwa baridi. Tufanye taratibu. Nitawaambia waoshe nguo zao zote. Jina lako lisitajwe."

Yalikuwa maneno ya mtu anayempenda, na ndiyo maana yalikuwa mazito kuyakataa. Bibi Lubana aliyaona yote yaliyokuwa nyuma ya maneno yale: mlango wake ukigongwa kwa heshima, salamu njiani, jina lake likitajwa kwa dua. Ilimpasa anyamaze tu.

"Wakiambiwa waoshe, watasema hakuna kuni za kuchemsha maji, kama nilivyosema mimi hakuna jua," akajibu. "Hawatachemsha mpaka wajue kwa nini. Sheikh, kama kilichofunikwa kingekuwa aibu yangu tu, ningemshukuru Mola nikanyamaza. Lakini leo waliofunikwa ni watoto wa watu."

Sheikh Nuumani akainamisha kichwa. Baadaye alisema kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hakupata kufundishwa kama siku ile.

Baada ya swala ya alasiri aliwazuia watu wasitawanyike, na Bibi Lubana akasimama mlangoni, upande wa wanawake, akasema kwa sauti waliyoisikia wote:

"Enyi watu wa Nawbandi. Nguo nilizoshonea mifarishi ya mwaka huu zilitoka Kuhsanga, katika nyumba za waliokufa kwa ndui. Ichomeni. Usiku wa leo asijifunike nayo mtu."

Mtu mmoja akasema kwa huruma, "Masikini, msiba wa wifi yake umemchanganya akili."

"Sikuchanganyikiwa. Kanzu hii hapa, na vigaga vyake, na hirizi yake."

"Nani aliyekuletea?" mtu akapiga kelele.

"Hasnuni mchuuzi. Msipokee kitu kwake. Lakini msimtwishe mzigo wangu. Yeye alileta nguo. Marehemu Safana aliniambia tumuulize tena, nikamkataza. Akaniambia tuzichemshe, nikamkataza. Nilikuwa nimewaahidi thelathini, nikataka iwe thelathini."

Hapo wakaamini. Mwanamke mmoja akapiga ukelele ambao haukuwa na maneno. Donge la theluji lililoganda likarushwa, likampata begani, kisha likaja la pili lenye jiwe ndani, likampasua nyusi. Hakujikinga. Sheikh Nuumani alitoka mbio bila ya viatu akasimama mbele yake, akinyoosha mikono.

Hamdani hakurusha kitu. Alikuwa amesimama katikati ya umati akiitazama mikono yake, ile iliyomzungushia binti yake mfarishi. Kisha akaondoka. Baada ya muda kidogo akarudi na mfarishi ule, akautupa chini mbele ya miguu ya Bibi Lubana, akaenda zake.

Kabla ya magharibi Bibi Lubana alizunguka milango yote kuikusanya mifarishi, damu ikimkauka usoni. Wengine walimtupia kwa vijiti kana kwamba ni nyoka. Wengine walimtemea mate. Ribatini alimkuta ajuza mmoja, kikongwe asiye na jamaa, ameushika mfarishi kwa mikono yote miwili.

"Sikupi," akasema ajuza. "Bila ya huu nitakufa kwa baridi leo. Nao huu utaniua Ijumaa ijayo. Niache na Ijumaa yangu."

Bibi Lubana hakubishana naye. Alirudi nyumbani, akatoa kitandani mfarishi wake mwenyewe, wa pamba safi, aliofungiwa na mama yake siku ya harusi, akauleta akamfunika nao ajuza, na ule mwingine akauvuta polepole kutoka chini yake. Ajuza yule aliishi mpaka majira ya maua.

Mifarishi thelathini iliteketezwa nje ya ukuta wa mji. Moshi wake ulikuwa mzito na mweusi, na watu walisimama upande wa upepo wakitazama. Waliokufa kwa ndui katika mji wa Nawbandi mwaka ule walikuwa arobaini na mmoja. Baada ya moto ule walikufa saba, nao walikuwa wamekwisha kuugua. Hasnuni hakuonekana tena katika nchi ile.

Bibi Lubana akabaki na nyumba tupu. Alichukua kila kilichokuwa chake: mapazia, mashela, nguo yake ya harusi, kanzu za marehemu mumewe alizokuwa akizihifadhi kwa karafuu. Alichemsha kila kitu kwa majivu mara tatu, akavunja rafu na masanduku kuwa kuni. Akafumua magodoro kwa ajili ya sufi yake. Alishona peke yake, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kukaa upande wa pili wa kitambaa, kila mstari ilimpasa auzunguke kwa magoti. Alipata mifarishi saba. Yeye alilala juu ya mkeka, amejifunika gunia.

Aliipeleka mlangoni mwa msikiti, akaiacha hapo. Kesho yake aliikuta imerushwa katika theluji. Akaichukua, akaichemsha, akaikausha juu ya moto, akairudisha. Safari ya tatu aliikuta imepakwa kinyesi cha punda. Akaichemsha tena. Hakumlalamikia mtu. Watoto walifundishwa kukimbia wamwonapo. Aliyempita njiani hakumtolea salamu, na yeye hakuwalazimisha kuijibu yake. Aliitoa kwa sauti ya chini kisha akapita. Wagonjwa waliokubali kuuguzwa naye aliwauguza. Walikuwa wawili.

Hali ikawa hiyo siku arobaini na zaidi. Katika swala zake, wamesema, hakuwa akiomba heshima yake irudi. Alikuwa akiomba asiache kushona.

Asubuhi moja, jua limechomoza lisilo na joto, mlango ukagongwa. Alikuwa Hamdani. Alikuwa amekonda, mabega yake makubwa yameshuka kama nira isiyo na ng'ombe. Hakuketi.

"Atika kifua kimemzidi," akasema. "Nyumbani hakuna cha kumfunika."

Bibi Lubana alikwenda kuuleta mfarishi ulio bora katika ile saba. Lakini alipofika mbele yake hakumpa.

"Sikiliza kwanza," akasema. "Cha juu ni nguo yangu ya harusi na kanzu mbili za mume wangu, aliyekufa kwa kuanguka darini, si kwa maradhi. Cha chini ni pazia la nyumba hii. Sufi imetoka katika godoro nililolalia mimi mwenyewe. Lile la Safana nililichoma. Vyote nimevichemsha mara tatu, na wewe ukifika nyumbani uchemshe mara ya nne. Lakini uzi..." Akasita. "Uzi wangu uliisha. Niliufumua katika nyavu kuukuu nilizopewa na mwanamke wa mlango wa mashariki. Nimemuuliza alizipata wapi, akasema kwa babake. Nimemuuliza mara tatu. Nimeuchemsha. Lakini babake sikumwona. Siwezi kukuapia habari za uzi."

Hamdani aliutazama uzi ule. Nje, barafu ilikuwa ikidondoka kutoka ukingo wa paa.

"Sikuja kukusamehe," akasema.

"Najua."

"Binti zangu hawarudi."

"Hawarudi, ndugu yangu."

"Lakini nimezunguka mji huu tangu alfajiri. Watu wamenipa mablanketi, na kila niliyemuuliza limetoka wapi amenijibu: chukua tu, ni safi, usiwe na wasiwasi." Akanyoosha mikono. "Nipe huo. Sijui mwingine katika Nawbandi atakayenieleza habari za uzi."

Akauchukua akaenda nao. Kabla ya wiki kuisha, ile sita mingine ilikwisha kuombwa.

Wanasema Bibi Lubana aliishi baada ya hapo miaka kumi na tisa, na hakupata kutaja tena mwaka huu atatoa mingapi. Wengi walirudi kumpenda. Hamdani hakuwamo miongoni mwao. Lakini kila wakati wa baridi alimletea maji, akayaweka mlangoni, akaondoka. Alipokufa Bibi Lubana, yeye ndiye aliyeteremka kaburini kumpokea, kwa kuwa marehemu hakuwa na mahrimu hata mmoja, yaani mwanamume wa jamaa yake wa karibu, na hapana aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Basi tuogope, ndugu zangu, si ule uovu tu tunaoufanya tukijua ni uovu. Tuogope na ule wema tunaoufanya kwa haraka, macho yetu yakiwa kwa wanaotutazama, kwa maana maskini hana uwezo wa kuichunguza sadaka aliyopewa. Anaipokea, anaibusu, na usiku anamfunika nayo mwanawe. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe na ujasiri wa kuuliza kabla ya kutoa, na kama tumekwisha kukosea, tuwe na ujasiri wa kusema kungali mchana. Naye ndiye Mjuzi wa yaliyomo vifuani.